Hadija wa Ghorofa ya Nne

Kabla hujasikia mengine, jua kwamba mtu ninayemsimulia hapa yuko hai. Anakaa Ujiji, ana watoto wanne, na ukimfuata ukamwuliza atakujibu. Ndiyo maana jambo hili linanisumbua. Angekuwa mzimu wa mtu aliyezikwa, ningesema ni mzimu, nikasoma dua zangu, yakaisha. Wapo watu huku kwetu Katubuka, Kigoma, wanaosema nilichanganyikiwa kwa uchovu wa safari. Sawa, na waseme. Lakini aliyekuwa pale ni mimi, si wao.

Mimi nauza nguo za watoto pale Gungu. Hadija anauza viatu vya kike, na mwenzetu Restituta, Resti tunavyomwita, anauza nywele za bandia. Miaka yote tulikuwa tunachukua mizigo Kariakoo, mpaka siku moja Resti akasema, kwa nini hatuendi China wenyewe kama wengine? Tulicheka. Halafu tukaacha kucheka, tukaanza kutafuta pasipoti.

Kuna jambo lazima ulijue kwanza. Watu huniita Mama Salma. Salma nilimzika miaka mitatu kabla ya safari hiyo. Alikuwa na miaka saba. Alikwenda kuoga ziwani na wenzake mimi nikiwa dukani, ziwa likamchukua, likamrudisha jioni ile ile. Mimi na Hadija tulikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Tangu siku ile Hadija hakuniita tena Mama Salma. Alianza kuniita shoga, basi, na jina la mtoto alilipita mbali, kama unavyompita mtu mwenye kidonda ili usimguse. Sikuwahi kumwambia aache wala aendelee.

Tulitoka Kigoma kwa ndege mpaka Dar es Salaam, tukalala kwa dada yake Resti, kesho yake tukaondoka. Resti alisali rozari yake njia nzima, nikadhani atafika hana sauti. Tulipofika Guangzhou tulishangaa mpaka tukachoka kushangaa. Soko la kule si kama soko letu. Ni majengo, jengo moja lina ghorofa nne, tano, na kila ghorofa ina vibanda usivyoweza kuvimaliza kwa siku moja. Lugha hamwelewani, kwa hiyo muuzaji anakuandikia bei kwenye kikokotoo, wewe unafuta, unaandika yako. Hadija alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alikuwa anaongea Kiswahili mwanzo mwisho, na Wachina wanacheka, na bei inashuka.

Hadija na Resti walilala chumba kimoja. Mimi nilichukua kidogo cha peke yangu kwa sababu usingizi wangu ni wa taabu. Pasipoti zote tatu zilikaa kwenye mkoba wangu, maana Resti hupoteza hata miwani iliyo usoni kwake.

Asubuhi ya siku ya tatu niligonga mlango wao. Resti akajibu kutoka ndani, "Tangulia, tunakuja." Nikashuka kwa ngazi. Nilipotoka nje ya hoteli nikamkuta Hadija amesimama kando ya barabara, amevaa ushungi wake wa rangi ya haradali, ule aliokuja nao kwenye ndege. Nikajua amepita kwenye lifti.

"Resti je?"

"Anakuja," akasema. "Twende."

Tukaenda. Niamini, sikuona tofauti yoyote. Sura ni yake, mwendo ni wake, hata lile kovu la pasi kwenye mkono wa kulia lilikuwepo. Kitu kimoja tu kilinifanya nijiulize, nacho ni kwamba hakuongea. Hadija ninayemfahamu huongea hata akiwa anatafuna. Nikasema labda kachoka, labda anawaza nyumbani. Nani ataanza kumkagua rafiki yake wa miaka ishirini saa tatu asubuhi, jua linawaka, watu wamejaa?

Ghorofa ya kwanza hakununua kitu. Ya pili vilevile. Alikuwa anatembea mbele yangu hatua mbili, nami nikisimama kuulizia bei, anasimama, ananingoja bila kugeuka. Nilinunua maji, nikampa chupa. Aliipokea. Baadaye nikaiona bado mkononi mwake, haijafunguliwa.

Ghorofa ya tatu ndiyo yenye nguo za watoto. Nilikuwa nashika magauni, natazama mishono, naye akanyoosha mkono juu ya bega langu, akatoa gauni moja la rangi ya chungwa lenye mikono iliyofura kama puto.

"Hili linamtosha Salma," akasema.

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji mgongoni. Miaka mitatu jina hilo halijatoka kinywani mwake. Na hakusema lingemtosha. Alisema linamtosha.

"Hadija, unasema nini?"

"Mama Salma," akaniita, taratibu, bila kunitazama. "Yuko juu. Nimekuja kukuchukua. Hajakua, yuko vilevile."

Sasa wewe unayesikiliza utaniuliza, kwa nini hukukimbia? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Mwanangu nilimwosha kwa mikono yangu. Nilizitoa nyasi za ziwa kwenye nywele zake, uzi kwa uzi. Nilijua aliko, pale makaburini, na baba yake amepanda ua kichwani pake. Akili yangu ilijua yote hayo. Lakini miguu ilimfuata. Mama aliyefiwa ana mahali ndani yake ambapo hajawahi kukubali, na mtu akibisha hodi hapo, mlango unafunguka wenyewe. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo.

Tulipanda ghorofa ya nne, ya mwisho kwenye jengo hilo. Huko vibanda vingi vilikuwa vimefungwa, watu wachache, taa nusu. Tukapita hadi mwisho wa ukumbi, akasukuma mlango mzito, na nyuma yake palikuwa na ngazi nyembamba za saruji. Akaanza kupanda. Nami nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, nikaweka wa pili.

Ndipo nikasikia juu yetu ndara za mtoto. Pa, pa, pa, zinakimbia, zinasimama, zinakimbia tena. Salma ndivyo alivyokuwa akikimbia, kama anayetaka kukamatwa.

Nililia hapo. Sikutoa sauti, machozi tu. Nilishapanda ngazi kama saba hivi simu yangu ikaanza kuita.

Nikaitoa kwenye mkoba. Tulikuwa tumenunua laini za kule siku ya kwanza na kuandikishana majina. Kwenye kioo liliandikwa jina moja. Hadija.

Nikainua macho. Hadija alikuwa mbele yangu, ngazi tatu juu, amenipa mgongo. Mkono mmoja umeshika chupa ya maji, mwingine unaning'inia, mtupu.

"Usipokee, Mama Salma," akasema.

Sijui nilipata wapi nguvu ya kubonyeza. Sauti ikaja, dhaifu lakini yake kabisa, yenye Kiha chake ndani ya Kiswahili.

"Shoga, uko wapi wewe? Mwenzio naharisha tangu alfajiri, Resti kanileta hospitali hii ya nyuma ya hoteli. Wanataka pasipoti ndipo wanitundikie dripu, na pasipoti unazo wewe. Njoo basi."

Nikaishusha simu sikioni. Yule wa juu aligeuka. Nilitegemea nione uso wa kutisha, na nadhani ingekuwa nafuu. Ulikuwa uso wa Hadija, umejaa huruma, ule ule aliokuwa nao siku tulipokuwa tunaosha maiti. Akanitazama kitambo. Kisha akaendelea kupanda, na kandambili zake hazikutoa mlio wowote kwenye saruji. Ndara za mtoto nazo zikanyamaza.

Nilishuka mbio. Nilianguka kwenye ghorofa ya pili, goti likachubuka, Mchina mmoja akaniinua, akanisemesha maneno nisiyoyajua, nami nikamshika mkono kwanza nione kama ana joto.

Hospitali nilimkuta Hadija amelala, midomo imekauka, amevaa dera la kulalia. Resti akaniambia Hadija alikuwa chooni muda ule nilipogonga mlango, ndiyo maana yeye Resti akasema wanakuja, akidhani ni tumbo la kupita tu. Niliporudi hotelini kumchukulia nguo, niliukuta ule ushungi wa rangi ya haradali bafuni kwao. Alikuwa ameufua usiku, umeanikwa, bado unadondosha maji. Niliukamua kwa mikono yangu ili niwe na hakika.

Kesho yake nilimlazimisha Resti twende pale kwenye jengo. Tulipanda zile ngazi tumeshikana mikono, yeye na rozari yake, mimi na Ayatul Kursiy. Zinaishia kwenye mlango wa paa. Mlango haukuwa na kufuli. Ng'ambo yake ukingo wa paa ulikuwa umebomolewa kwa matengenezo, na kutoka kizingiti mpaka mwisho wa saruji ni hatua nne. Resti alizihesabu. Chupa ya maji ilikuwa imesimama pale mwisho, imejaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyesogea kuichukua.

Tulirudi salama, mizigo ikafika, biashara ikaenda. Lakini mimi sikurudi nilivyokuwa. Sikuweza tena kutembea nyuma ya Hadija. Tukiwa njiani namwomba akae pembeni yangu. Akija dukani bila kutarajiwa, nampigia simu kwanza nione kama itaita mkononi mwake. Mwanzoni alicheka, baadaye akaumia. Siku moja alikuja akafunga mlango wa duka kwa ndani.

"Shoga, nimekukosea nini?" akaniuliza. "Unanitazama kama mchawi."

Nikamwambia yote, hata la Salma, ambalo Resti mwenyewe hakulijua. Akaketi juu ya furushi la nguo. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa silitaji jina lake kwa sababu nikilitaja naona uso wake wa siku ile. Nilidhani nakuhurumia wewe, kumbe nilikuwa najihurumia mimi." Tulilia hapo mpaka wateja wakaanza kugonga.

Shehe wetu alisema shetani hujua kuvaa sura, ila hajui kuvaa kila kitu. Padri wa Resti alisema maneno karibu na hayo. Mimi sina elimu ya kubishana nao. Ninachojua ni kwamba bado alasiri nyingine, nikiwa nakunja nguo peke yangu, zile ndara hupita nje ya duka. Sitoki kuchungulia. Nimezoea kukaa na hali hiyo kama mtu anavyozoea mguu uliokatwa.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayejiandaa kusafiri na marafiki zako. Ukiwa ugenini, usimfuate mtu kwa kuwa unaijua sura yake. Mwite jina, mngoje ageuke, mshike mkono. Na akija yeyote, awe anafanana na nani, akakwambia kwamba marehemu wako anakungoja mahali fulani, kaa chini hapo hapo ulipo. Kaa sakafuni hata kama watu wanakutazama. Mimi kilichoniokoa ni pasipoti na tumbo la mwenzangu, wala si busara yangu. Moyo wangu ulishapanda ngazi saba, na ungeendelea.