Pumzi ya Nedelya

Binti yangu Radostina hukata tiketi katika kituo cha basi. Ndiye pia aliyefufua kipaza sauti cha kituo kwa bisibisi ya miwani, ingawa hakuna aliyemtuma. Tangu utotoni kifua chake ni dhaifu. Nilikuwa nikimfunga skafu hadi mwezi wa tano. Basi kikundi cha wanawake cha kijijini kilipompa sauti ya pili ya wimbo wa mavuno, niliogopa.

Sauti ya pili hukaa chini, haikatiki, wakati Bibi Vela, kiongozi wao, anaimba juu yake. Mwenzao Nedelya aliishikilia miaka thelathini, akafariki wakati wa baridi uliopita. Radostina alikuwa akiishiwa pumzi kila afikapo mstari wa tatu.

"We mtoto, unaimba kama bomba lenye hewa," Bibi Vela alimwambia. "Ukikatika tena mazoezini Jumamosi, siku ya sikukuu ya kijiji hatuuimbi. Tutauacha kaburini kwa Nedelya."

Rekodi ya Nedelya akiimba wimbo huo na Vela ilikuwepo, ndani ya kicheza muziki cha mfukoni. Radostina aliisikiliza mpaka nikahofia masikio yake, lakini aliambulia sauti ya Vela tu. Akaazima hedifoni nzito za mjomba wake aliyewahi kufanya kazi redioni. Zikatoa sauti kama ya nzi ndani ya chupa. Akaongeza besi, ikawa uji mtupu.

"Hedifoni ni nzuri, mama. Hiki kidude ndicho hakina nguvu ya kuzisukuma."

Akaanza kuunda amplifaya, kifaa cha kuipa sauti nguvu, kwenye meza yangu ya jikoni, katikati ya pilipili hoho zilizookwa nilizokuwa namenya. Kopo la chai, betri mbili za mraba, kidude cheusi cha umeme chenye miguu minane. Michoro alikuwa ameisoma kituoni, kati ya basi na basi.

"Hiyo italipuka mfukoni," nilisema.

"Hata tochi ulisema italipuka."

"Na si ilivuja?"

Mara ya kwanza ilikwaruza. Akazima besi yote, akapunguza sauti ya kicheza muziki, kazi ya nguvu akaliachia kopo. Akarudisha nyuma mara tano, akanivalisha mimi hedifoni.

Nedelya alikuwa jikoni kwangu. Nilisikia hata midomo yake ikiachana. Mwishoni mwa mstari, Vela aliporusha ule ukelele wake wa juu, chini yake nikasikia hewa ikivutwa, fupi, kisha sauti ile ile ikaendelea.

"Umesikia, mama? Anaiba pumzi chini ya kelele za Bibi Vela!"

Jumamosi Bibi Vela alivaa hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa, mikono magotini.

"Mwizi," alisema hatimaye. "Miaka thelathini namwonea wivu, nikidhani ana mapafu ya ng'ombe." Akajifuta macho, akamgeukia Radostina. "Haya, simama. Nikipiga ukelele, na wewe iba."

Siku ya sikukuu nilisimama mbele kabisa, skafu mkononi, upepo usije ukamkuta. Nilihesabu mistari. Wa tatu ukapita. Wa nne. Mabega yake yalipanda kidogo tu, Vela alipopiga ukelele.

Mwanamke wa kijiji cha jirani akanigusa. "Huyo wa sauti ya pili hapumui?"

"Hapumui," nikamjibu. "Ni binti yangu."