Mbwa Aliyekatazwa Ng'ombe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mnavyocheka. Mnaona kwenye simu zenu watu wa mbali wanampikia mbwa na kumwekea kwenye sahani, mnacheka. Chekeni, lakini mimi nilianza kabla yenu. Nilisema nje ya kanisa, baada ya ibada, watu wakisikia, kwamba mbwa anayepikiwa si mbwa tena, ni mgeni aliyekataa kuondoka. Maneno hayo hayakukaa sana. Yalinirudia yamebeba sufuria. Nayaandika mwenyewe kabla wajukuu zangu hawajayasimulia vibaya.

Nilizaliwa Tarime, nikaletwa huku Nyambureti kwa ng'ombe. Kwetu ng'ombe ndiye anayejibu maswali mengi. Umeolewa? Ng'ombe walitoka. Mna msiba? Ng'ombe anachinjwa. Mtoto anaumwa? Mpe supu. Kwa hiyo siku nilipoambiwa kwamba ndani ya boma langu kuna kiumbe anayeumwa kwa sababu ya ng'ombe, nilimtazama aliyesema kama mtu aliyetukana wakwe.

Kiumbe mwenyewe ni mbwa wetu, mwekundu, kifua cheupe, sikio moja limechanika. Lilichanwa na fisi. Huku kwetu hifadhi haiko mbali, na fisi hasomi mipaka. Alikuja alfajiri moja wakati wa mvua, akapenya zizi la ndama, na mbwa huyu akasimama kati yake na ndama mpaka wanaume wakatoka na mikuki. Tangu siku hiyo nilisema mbwa huyu atakufa kwa uzee, na nililisema mbele ya ukoo. Mtu akishasema mbele ya ukoo, amejifunga.

Mwanangu mkubwa ana bucha pale senta. Mbwa alikuwa akimfuata kila asubuhi na kurudi jioni tumbo limejaa: mapafu, utumbo, mifupa, damu iliyoganda. Watu walimwita tajiri.

Ndipo akaanza kujikuna. Mwanzo tulisema viroboto. Kisha manyoya yakamtoka mgongoni, masikio yakawa mekundu na yenye maji, ngozi ya tumbo ikawa nyeusi na nene kama kisigino changu. Nilimpaka majivu. Nilimpaka oili chafu ya pikipiki, maana jirani alisema inaponya. Ilichoponya ni usafi wa blanketi langu, maana alilala juu yake. Nikamwogesha na dawa ya kuogeshea ng'ombe, akatapika. Akaendelea kujikuna, na alipendelea kujikuna mbele ya bucha, kwenye kivuli, wateja wakiwa wamepanga foleni.

Mteja mmoja akauliza, "Huyu mbwa anakula nyama hii hii tunayouziwa sisi?"

Swali hilo halina jibu zuri. Watu wakaanza kuvuka barabara kwenda bucha la pili.

Mwanangu akaja nyumbani, akakaa, akakataa uji.

"Mama, huyu mbwa ananifukuzia wateja. Wanasema nyama yangu ndiyo imemfanya hivi."

"Nyama yako ni mbaya?"

"Mama."

"Nauliza."

"Si mbaya. Lakini huwezi kumweleza mtu hivyo huku mbwa anajikuna mbele yake mpaka damu. Mtama ukivunwa akiwa bado hivi, namwondoa."

Kwetu kumwondoa mbwa hakuna maana ya kumhamisha. Nikatazama shamba. Mtama ulikuwa umefika magotini. Nikamwambia sawa, kwa sababu na yeye ana watoto wa kulisha, ingawa mimi nilikuwa nimekwisha kujifunga mbele ya ukoo.

Daktari wa ng'ombe wa huku ni binti mdogo mwenye pikipiki yake. Alipokuja kuchanja ndama nikamwonyesha mbwa. Nilipofika kwenye habari ya dawa ya kuogeshea alifumba macho kidogo, kama mtu anayeomba. Akamkwangua ngozi, akaenda nayo, akarudi, akamchoma sindano, akampa dawa ya wadudu, tukasubiri. Hakuna kitu. Akarudi tena.

"Bibi, hana upele huyu. Anakula nini?"

"Anakula kama mbwa."

"Na mbwa anakula nini?"

"Ng'ombe."

"Kila siku?"

"Mwanangu ana bucha," nikasema kwa majivuno, nikiwa sijui kwamba nimekwisha kujishtaki.

Akanieleza kwamba kuna mbwa ambao mwili wao unagombana na nyama ya aina fulani, na mara nyingi ni ile waliyoizoea. Akasema protini. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, aseme vizuri. Akasema, chakula cha kujenga mwili. Achaguliwe kimoja ambacho hajakizoea, ale hicho tu na ugali, wala kisipite kingine chochote mdomoni mwake, mpaka ngozi iseme yenyewe. "Na ng'ombe asimguse kabisa, bibi."

Jioni tukakaa kikao. Ndiyo, kikao cha chakula cha mbwa, mimi nikiwa mwenyekiti. Mngekuwepo mngecheka mpaka mzimie.

Kuku nilikataa. Mbwa akijua ladha ya kuku, utabaki unafuga manyoya. Yai nilikuwa nimewahi kumpa moja kwa majaribio, na kesho yake nikamkuta amelala mbele ya kuku aliyekuwa anataga, anasubiri, kwa adabu kabisa. Maharage, wajukuu walisema watahama. Kumbikumbi ni chakula kizuri, lakini wanatoka wanapotaka wao. Mwanangu mdogo akasema, "Swala, Mama. Swala hajawahi kumla."

"Askari wa hifadhi akinikuta na paja la swala, nimwambie ni la mbwa?"

"Atacheka."

"Atacheka huku ananifunga pingu. Endelea na ugali wako."

Mke wa huyu mwanangu mdogo alikuwa amekaa anachambua mboga. Yeye ametoka upande wa ziwani. Hapo lazima niwaambie. Mimi nilikua nikiamini samaki ni nyoka aliyekosa bahati. Wiki aliyoolewa binti huyu nilimwambia dagaa hawaingii jikoni kwangu, harufu yake itakimbiza ng'ombe. Akajenga jiko lake dogo nyuma ya ghala, akawa anapika dagaa wake huko na watoto wake, na mimi nikipita nilikuwa nafunika pua kwa kanga ili aone kwamba nimefunika.

Sasa kila mtu kwenye kikao alikuwa anajua jibu, na kila mtu alikuwa anatazama chini. Mwishowe nikasema mwenyewe.

"Dagaa."

"Dagaa, Mama?" akauliza binti, mkono bado kwenye mboga.

"Umesikia."

"Ulisema watakimbiza ng'ombe."

"Ng'ombe wamekimbia?"

"Hawajakimbia."

"Basi pika."

Akapika. Aliwaosha mchanga, akawachemsha bila chumvi, akawatwanga, akawachanganya na ugali. Siku ya kwanza mbwa alinusa, akanitazama mimi, si yeye. Nikamwambia hata mimi sijui, ndugu yangu. Siku iliyofuata akala. Tukamfunga kamba asiende bucha. Nikawa na hakika kwamba mambo yamekwisha.

Mtama ukafika kiunoni, ukafika kifuani. Mbwa bado anajikuna.

Nikajua kuna mtu anamlisha ng'ombe kwa siri, na nikawa askari. Nilimshtaki mwanangu mkubwa kwamba anakuja na mifupa mfukoni. Akageuza mifuko nje mbele yangu, mwanaume mwenye ndevu. Niliwakagua wajukuu mikono, nikiinusa. Tulipoitwa harusi ya jirani, ng'ombe amechinjwa, nyama choma na kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo, kila mahali, mbwa akakata kamba akatufuata. Sikukaa na wanawake wenzangu. Nilikaa chini karibu na mbwa na fimbo yangu, kama mlinzi wa benki. Mzee mmoja wa kanisa akanyoosha mkono kumpa mfupa, nikamgonga kwa fimbo.

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa."

"Na mfupa ni mfupa."

Nilikosa hata pilau siku hiyo.

Mwisho nikamshika yule binti wa ziwani. Nikamwambia anawakaanga dagaa kwa mafuta ya ng'ombe, ndiyo maana. Akasema, "Mama, njoo upike mwenyewe."

Nikaenda. Nikapika mwenyewe kwenye lile jiko dogo nyuma ya ghala, mimi na pua yangu. Niliosha, nikachemsha, nikatwanga. Harufu ikaingia kwenye nywele na kanga zangu, na Jumapili kwenye benchi wanawake wakasogea kidogo, wakisema nikae kwa nafasi. Nikajua wanachokijua. Lakini nilisema moyoni, sasa mkono ni wangu, hakuna udanganyifu. Mbwa akala chakula cha mkono wangu, akajikuna zaidi.

Mtama ukaanza kubadilika rangi. Mwanangu mkubwa akija alikuwa anautazama tu mtama, kisha mbwa, kisha mtama.

Asubuhi moja daktari akapita, anakwenda kijiji cha pili. Akanisalimu, "Shikamoo, bibi," nikamwitikia na kumpa kigoda asubiri chai. Binti wa ziwani alikuwa anaweka sufuria motoni. Mimi nikaendelea na kazi yangu ya asubuhi, kuosha kibuyu cha maziwa ya mgando. Unatia maji ya moto, unatikisa, unamimina. Nikamimina kwenye bakuli la mbwa, kama ninavyofanya kila siku ya Mungu. Akaja mbio, akalamba mpaka bakuli likasogea.

"Bibi," akasema daktari, "anakunywa nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya kibuyu."

"Kibuyu kilikuwa na nini?"

"Maziwa. Yamekwisha. Hayo ni maji ya kuoshea tu."

"Maziwa ya nani, bibi?"

Binti wa ziwani aliweka sufuria chini polepole, akatoka, akaenda nyuma ya ghala. Tulimsikia huko akicheka, akijaribu kufanya iwe kikohozi.

Nikabisha, msifikiri sikubisha. Nikasema maziwa ni maziwa na nyama ni nyama. Nikasema kama ng'ombe na maziwa ni kitu kimoja, mbona tunachinja kimoja na kukamua kingine? Mama mkwe wangu alinifundisha kwamba mbwa aliyekesha kwenye boma apewe maji ya kibuyu kabla mtu yeyote hajala, ndiyo shukrani yake. Hayo si chakula. Hakuna mtu anayehesabu hayo kuwa chakula. Ukiniuliza mbwa amekula nini, sitayataja, kama vile hutaji maji uliyonawia mikono.

Daktari akasikiliza yote. Akasema, "Bibi, mwili wake unamjua ng'ombe kwa mlango wowote anaoingilia."

Basi huyo ndiye mwizi niliyekuwa namtafuta. Nilimkagua mwanangu mifuko, nikamgonga mzee wa kanisa, nikamshtaki mke wa mwanangu, na kumbe kila asubuhi, kabla ya kwenda kulinda, nilikuwa nawasha moto mwenyewe, natikisa kibuyu mwenyewe, namnywesha mwenyewe, nikimwambia kunywa, mlinzi wangu.

Yule binti alirudi akiwa amejifuta uso. Mimi si mtu wa kuomba radhi kwa mdomo, sikuumbwa hivyo. Mchana nilichukua kigoda changu, nikakipeleka nyuma ya ghala, nikakaa kwenye jiko lake dogo, nikamwambia anipakulie. Akanipakulia dagaa wa nyanya na ugali wa muhogo. Nikala. Akaniuliza wakoje. Nikamwambia wana mifupa midogo. Akaniongeza, na sikumzuia.

Asubuhi zilizofuata bakuli lilikuwa na maji ya kisima. Mbwa alinilaumu, alikuwa anakaa mbele ya kibuyu na kukitazama, nami nilikuwa nageuza uso. Taratibu akapunguza kujikuna. Masikio yakakauka. Tulipokuwa tunafukuza ndege shambani nikamshika mgongo, nikahisi kitu kinachoma kiganja, kifupi, kigumu, kama mtama unapochipua baada ya mvua ya kwanza.

Tulivuna. Mwanangu mkubwa akaja kubeba magunia, na alipomaliza akamwita mbwa. Akampitisha mkono mgongoni, kwenda na kurudi, juu ya manyoya mafupi mekundu. Akasema, "Akae."

Kisha, kwa furaha yake, akafungua mfuko aliokuja nao kutoka bucha, akatoa mfupa mkubwa wa paja, wenye nyama, akamnyooshea. "Hongera, tajiri."

Sikumgonga kwa fimbo kwa sababu sikuwa nayo. Niliupokea mfupa ule kabla mbwa hajaufikia, nikautia kwenye sufuria yetu sisi watu. Halafu nikawaita wote, wanangu, wake zao na wajukuu, wakasimama uani, na mbwa akakaa katikati, nikawaambia: "Kuanzia leo maji ya kibuyu yamwagwe kwenye migomba. Mfupa wa ng'ombe usivuke mlango wa jikoni. Mtu akitaka kumwonea huruma mbwa huyu, amwonee kwa dagaa, na dagaa watapikwa jikoni kwangu, si nyuma ya ghala. Na mkiniona mimi nakaribia bakuli lake nimeshika kibuyu, msiniambie shikamoo. Nikamateni mkono."