Sifa Nilizompa Kiprono

Ile siku ya msumari wa Kiprono naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa nimejitahidi sana kuisahau. Miaka ya hamsini nilikuwa dresa kijana katika zahanati ya shamba la mzungu mmoja, nje kidogo ya Nakuru. Kazi yangu kubwa ilikuwa miguu: kutoa funza, kuosha vidonda, kufunga bandeji. Kaptula yangu nyeupe niliipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe, na maringo yangu, ah, tuyaache.

Kiprono, mkamuaji wa ng'ombe, aliletwa na mkewe. Mkewe ndiye aliyeona damu sakafuni. Msumari ulikuwa umepenya akala zake za tairi ukazama kisiginoni, naye alikuwa ametembea nao tangu alfajiri bila habari. Niliukamata kwa koleo nikauvuta. Hakukunja hata uso.

Basi nikawageukia vijana waliokuwa kwenye foleni wakigumia kwa funza. "Mnaona dume? Huyu alipotahiriwa, alitahirika! Nyinyi mnalilia funza?" Watu wakacheka, wakampigia makofi. Kiprono alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, halafu akatabasamu tu. Nilimfunga bandeji, nikaita mwingine.

Hakurudi kuoshwa kidonda, nami sikumfuata. Mvua zilipokwisha nikasikia amekatwa mguu hospitalini mjini, na kwa kuwa hawezi tena kukamua, nyumba yake pale shambani amepewa mtu mwingine. Nikaenda kumwona.

"Kijana," akaniambia, bila hasira, "hii mguu ilikufa ganzi kitambo. Ile siku nilitaka kukuambia sisikii kitu. Lakini ulikuwa umeniita dume mbele ya watu. Ningesema nini?"

Niliona aibu, mwanangu, na bado naiona. Hata leo nikisikia mtu akisifiwa kwa kuvumilia maumivu, natazama chini.

Wewe unayekwenda kutibu miguu ya watu, mgonjwa asipolia, usifurahi upesi. Mwambie afumbe macho, mguse nyayo kwa pamba, umuulize, "Unasikia hapa? Na hapa?" Tazama katikati ya vidole. Mfundishe kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kukagua nyayo zake kila jioni. Tena muulize pembeni, mbali na foleni, ili akiwa na neno apate nafasi ya kulisema.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono myepesi, na mdomo usiotangulia macho.