Mikono Nyuma, Spana Mezani

Mimi hakuna kitu kitakachonishangaza tena, si kwenye injini wala kwa binadamu anayeishika. Nasema hivyo nikiwa mtu wa darasa la pili tu, mzaliwa wa Kalenga, niliyeanza kwa kufagia gereji miaka ya hamsini nikaishia kusimamia mafundi, bila mjomba ofisini wala cheti ukutani.

Siku ya kwanza kazini, Iringa mjini, nilipewa ufagio na debe la petroli la kuoshea plagi. Fundi Mkuu wetu alikuwa Kalasinga mmoja, mpole wa sauti, mkali wa macho. Kwake, kila Jumamosi tukishafunga kazi, hakuna aliyekwenda nyumbani kabla ya somo. Hata fundi mzee alijifunza jipya, na uliyefundishwa Jumamosi hii ulimfundisha mwenzako Jumamosi ijayo. Sharti lilikuwa moja: anayefundisha huweka mikono nyuma, hagusi spana hata mwanafunzi akikosea.

Siku moja nilitaka kumpokonya mwenzangu bisibisi, maana alikuwa ananichelewesha.

"Mkono wako umeshajua," Fundi Mkuu aliniambia. "Wa kwake bado. Rudisha nyuma."

Nilishika kazi upesi kuliko wote, waulizeni walio hai. Malori ya dizeli yalipoanza kuingia, wengine waliyaogopa. Dizeli haina plagi. Pampu ndiyo husukuma mafuta kwa nguvu hadi kwenye nozeli, na gia yake isipofungwa alama kwa alama, injini hugonga na kutoa moshi. Mimi niliijua pampu ile kwa sikio. Ndiyo sababu nilipelekwa Mbeya kusimamia tawi, nikamwacha mke wangu na watoto Kalenga.

Mbeya ile ilikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Chumba changu kilikuwa nyuma ya gereji. Mchana nilikuwa na mafundi, na somo la Jumamosi niliendelea nalo vilevile. Kila aliyeiva aliondoka. Mmoja alikwenda machimboni Chunya, mwingine kwenye chai Tukuyu, mwingine akafungua gereji yake mwenyewe. Waliniaga wakicheka, nami jioni nasonga ugali. Sikuwahi kujua kupima ugali wa mtu mmoja, kila siku ulibaki.

Mwishowe nilibaki na Lugano, Mnyakyusa, aliyenizoea hadi kunitania. "Kaka, njoo nyumbani ule ndizi. Mwanaume anayejipikia anazeeka vibaya."

Kisha habari zikaja kwamba Fundi Mkuu wa Iringa anaacha kazi. Niliitaka nafasi ile, na si kwa mshahara wake. Kutoka gereji ile hadi mlangoni kwangu Kalenga ni safari ya baiskeli.

Meneja, Mzungu, akaja Mbeya kutazama nani anafaa. Alitukuta kwenye somo. Lugano alikuwa amemaliza kurudisha pampu ya lori. Akawasha. Injini ikagonga, moshi mweupe ukajaa gereji. Mimi nilijua palepale: gia imeruka jino moja. Mkono wangu ukatoka nyuma wenyewe. Nikaurudisha.

"Wewe iko simama tu?" Meneja akaniuliza. "Kazi nafanya nani?"

"Ni somo, bwana."

Lugano akanigeukia, jasho linamtoka. "Kaka, nisaidie."

"Zima. Fikiri kwanza ilikuwa inagongaje."

Akainama. Akafungua pampu, akarudisha gia jino moja, akafunga, akatoa hewa kwenye mabomba, akawasha. Injini ikatulia kama mtu aliyeshiba. Meneja alimpiga begani, akaondoka bila kunitazama. Jumatatu ikaja amri: Lugano aende Iringa.

"Nitawaambia ni wewe uliyenifundisha," alisema Lugano.

"Uwaambie nini? Kwamba ulifunga pampu mimi nikitazama? Nenda, mdogo wangu. Ukifika Kalenga, wasalimie."

Mimi nilistaafia Mbeya. Wasimamizi vijana huniuliza, kuna faida gani kumfundisha mtu atakayekuacha? Nawajibu: mfundishe, kisha mfundishe tena. Gereji ambayo watu wake wameacha kujifunza inakufa milango ikiwa wazi. Ila asikudanganye mtu kwamba ni bure.

Baada ya Lugano kuondoka nilipanga nyumba ya vyumba viwili, nikakodi lori, nikaenda nalo Kalenga kuwachukua watu wangu. Mke wangu alisimama mlangoni.

"Baba Yusta, mahindi yamefika kifuani. Mama yako hainuki bila kushikwa. Nimwachie nani?"

Dereva akauliza tupakie nini. Nikamwambia hakuna. Tukarudi Mbeya, bodi tupu ikigongagonga njia nzima, na mwenye lori hakupunguza hata senti. Kwenda na kurudi, shilingi mia mbili na arobaini.