Jina Walilomvua Kaka Yangu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kwetu Kamembe kila mtu alijua kwamba jina huja na moyo wa aliyelivaa kwanza. Sikuwahi kusikia mtu akilipinga jambo hilo. Kwa hiyo kaka yangu Rajabu aliponibandika pasi ya makaa yenye moto mkononi, kisha akanitazama nikilia kama anayetazama mvua, hakuna aliyejisumbua kutafuta sababu. Alikuwa amepewa jina la mdogo wake babu, mzee wa Mururu aliyemvunja mkewe mkono mara mbili na asijute.

Kaka alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amewavunja miguu vifaranga wa jirani, ameiba, na uongo ulimtoka kirahisi kuliko salamu. Bibi, mama yake baba, akamleta mganga kutoka Gikundamvura. Walimnyoa kichwa, wakamwogesha maji ya majani, wakamchinjia jogoo, na tangu adhuhuri ile akawa Salehe.

"Batoto, musikie," Bibi alituambia. "Rajabu amekwenda. Muntu asiite tena ile jina."

Baba yangu, fundi cherehani aliyesifiwa na majirani kwa upole, alikuwa akimpiga kaka tangu hajajua kusema vizuri. Alimpiga kwa mkanda, kwa waya wa umeme, kwa ubao wa kupimia nguo. Jina lilipobadilika, kipigo hakikubadilika. Kilipata tu kisingizio kipya.

"Salehe simupigi," alikuwa akisema huku akihema. "Napiga ule mwengine, atoke."

Kaka hakuwa mjinga. Wiki mbili baadaye alinisukuma kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, nikatoka damu puani. Mama akamkamata sikio.

"Haiko miye, Maman," alisema, ametulia kabisa. "Ni Rajabu."

Mama akamwachia. Tangu siku hiyo kila alichoharibu kilikuwa kimefanywa na mtu ambaye hayupo. Watu wazima, wenye akili zao, walimpa mtoto mahali pa kutupia hatia, halafu wakashangaa kwamba hajuti. Jambo hilo linanichemsha damu mpaka leo, na sioni kwa nini nitulie.

Sasa ana zaidi ya miaka arobaini. Amewatapeli marafiki, amewapiga wake watatu, na akikueleza visa vyake kwa lile tabasamu lake utajikuta unamwonea yeye huruma. Nilimkokota mara moja kwa muuguzi wa afya ya akili, mama aliyekulia Bukavu. Hakunipambia maneno. Alisema hakuna kidonge cha kuondoa tabia ile. Wapo wanaozaliwa na mwelekeo wa kutoguswa na uchungu wa wenzao, na mara nyingi kipigo na kukosa upendo ndivyo vinavyomalizia kazi. Mtu mzima anaweza kusaidiwa kwa mazungumzo ya muda mrefu, kama mwenyewe anataka.

"Kaka yako hataki," alisema. "Lakini kama kuko mutoto ku nyumba, mumulete mapema. Na ule mwenye kupiga, naye akuje."

Mtoto yupo. Zuhura, binti ya kaka, ana miaka sita na anaishi nami na baba kwa sababu mama yake alikimbia. Mwezi uliopita alimtumbukiza paka kwenye pipa la maji, akafunika. Nilimkuta baba, mzee sasa, ameketi mlangoni na mkanda mapajani.

"Tubadilishe jina yake," akasema. "Ilikuwa ya shangazi yangu, ule mubaya."

Shangazi huyo sikuwahi kumsikia. Nikamnyang'anya mkanda. Sikuwahi kumgusa baba yangu kwa hasira kabla ya siku hiyo.

"Kaka yako tulimufanyia yote," akalalamika. "Tulikosea wapi?"

"Hamukuacha kumupiga, Papa. Ile moja tu hamukujaribu."

Nikamwita mtoto. Nikamwambia kwamba aliyemtia paka majini ni yeye, Zuhura, si mtu mwingine, kwamba paka yule aliumia mpaka akafa, na kwamba hakuna atakayempiga. Aje tumzike.

Akaja polepole, amejikinga kichwa kwa mikono miwili. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameshazoea kupigwa, ndani ya nyumba ninayoishi, na mimi ninayewalaumu watu wote hawa sikuwa nimeona kitu.