Uso wa Dada Yangu na Betri za Masikio

Tulipomzika kaka yetu, picha iliyotangulia mbele ya jeneza ilikuwa imetolewa kwenye kitambulisho chake na kukuzwa. Marehemu alikuwa mtu wa mzaha, lakini pale alitutazama kama mtu aliyekamatwa akiwa na ng'ombe wa wenyewe. Dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa ameanza kuugua, aliniinamia sikioni akasema, "Mimi usinizike na uso wa kitambulisho. Kamera ya mumeo unayo."

Ninayo. Mume wangu alikuwa mpiga picha Tororo, na akienda harusini mimi ndiye niliyebaki studio. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini kamera alinifundisha kwa mkono: unachungulia, unaona mshale mdogo pembeni, unazungusha lenzi mpaka mshale usimame katikati, ndipo unabonyeza. Mshale huo ndio unaopima mwanga. Yeye aliujua mwanga kwa jicho tu. Mimi bila mshale ni kipofu. Na mshale hauendi bila betri, kidude cha duara kama kifungo cha shati, na kilichokuwa humo kilikuwa kimekufa muda mrefu kama mwenyewe.

Mjukuu wangu wa kike anayefanya kazi Nairobi aliniletea filamu mbili, akasema huko bado kuna mahali wanasafisha. Yeye alitaka kumpiga dada picha kwa simu, yaishe. Dada alikataa. Amekwisha kuona picha nyingi zikipotea pamoja na simu.

Betri ya kwanza nilinunua kwa fundi saa, Busia upande wetu wa Uganda. Nilimpa ile iliyokufa aitazame. Maneno ya Kiingereza yananishinda, tarakimu hazinishindi: yangu imeandikwa moja nukta tatu tano, yake moja nukta tano. Nikamwuliza mbona hazifanani. Akacheka.

"Jaja," akaniita bibi kwa Kiganda, "hiyo ni kidogo tu. Saa yote ya mkono nakwenda na hii."

Mimi nimeuza maharagwe sokoni miaka mingi. Najua hakuna anayeibiwa debe zima, watu huibiwa kwa kidogo tu. Lakini betri iliingia, mshale ukaruka, nikafurahi nikanyamaza. Hilo kosa ni langu. Filamu ya kwanza niliijaribu siku ya kipaimara kanisani Mukuju. Iliporudi, magauni yalionekana, ukuta wa kanisa ulionekana, nyuso zilikuwa giza kama ndani ya chungu. Betri ilikuwa na nguvu kupita ile ambayo kamera imeizoea, basi mshale ulikuwa unanidanganya kwamba mwanga ni mwingi, nami nikaupunguza kwa lenzi.

Ikabaki filamu moja, na dada anazidi kukonda.

Mjukuu aliulizia huko Nairobi, akanipigia. Betri kama ile ya zamani zilikatazwa kwa sababu ya sumu iliyomo, hazitengenezwi tena. Iliyo karibu nayo kwa nguvu ni ile ya mashine za masikio. Nikamwambia arudie. Mimi natafuta betri ya kamera, wananituma kwa viziwi.

Hata hivyo nilivuka kwenda upande wa Kenya, ambako mwanamke mmoja ana duka la miwani na mashine za kusikia. Alinipa pakiti ya betri sita, kila moja imebandikwa stika ndogo mgongoni. Moja nukta nne. Karibu, lakini si yenyewe. Nikauliza kwa nini betri ibandikwe stika, akasema nitaibandua siku ya kuitumia. Wateja walikuwa wengi, hakueleza zaidi. Mtu asiyeeleza mimi huwa namwandika moyoni.

Nyumbani nilizipanga mezani. Hapa mpakani nimeona mafuta ya kupikia yakifunguliwa, yakichanganywa, yakafungwa tena vizuri kuliko yalivyotoka kiwandani. Stika kazi yake ni kuficha kitu. Nikabandua moja. Chini yake palikuwa na vitundu, vidogo kama vya sindano. Nikabandua ya pili, vitundu. Nikabandua mpaka ya sita. Zote zimetobolewa. Nikasema, hizi zimenyonywa zikaisha, zikazibwa, akauziwa mwanamke mzee.

Asubuhi nilikuwa mlangoni pake kabla hajafungua. Nilimwagia betri zake juu ya kioo cha kaunta.

"Shosho," akasema, ndiyo jaja ya upande wao, "zote umebandua?"

Nikamwambia ndiyo, na wizi wake nimeuona. Akanieleza polepole, kama anaongea na mtoto, jambo lililonikera zaidi. Betri hizi zinatumia hewa. Vile vitundu ndivyo pua zake. Stika inazizuia zisipumue zikiwa dukani, na ikitoka zinaanza kwisha, uzitumie usizitumie, na kuirudisha hakusaidii.

"Kwa hiyo nimeziua?"

"Hujaziua. Umeziamsha. Una wiki chache."

Sikuamini. Mwenye duka hakosi maneno. Basi akapitisha kidole chini ya kilemba chake, akatoa mashine iliyokuwa sikioni, ambayo sikuwa nimeiona, akaifungua, akaniwekea betri yake kiganjani. Vitundu vilevile. Nikamwuliza hiyo ameitia lini. Hakujibu. Nikauliza tena kwa sauti ya kugomba. Akatabasamu tu, akanionyesha mkono wangu uliokuwa umeshika betri.

Niliirudisha, nikavuka mpaka na aibu yangu.

Sasa shida ilikuwa dada. Tulikuwa tumekubaliana tungoje, mashavu yake yarudi kidogo, gomesi mpya ishonwe, gauni letu la heshima. Kesho yake nilikwenda kwake Paya na kamera shingoni, nikamkuta nje anachambua kunde. Nikamwambia picha ni leo, betri haziwezi kungoja. Akaweka ungo chini.

"Mdogo wangu, ni betri zisizoweza kungoja, au ni mimi?"

Nikasema ni betri. Akasema alijua tangu siku ile hospitalini nilipobaki nyuma na daktari. Nilikuwa nauliza kama vidonge vinamezwa baada ya chakula, lakini nani angeamini? Betri gani inakufa bila kutumika? Alinitazama vile nilivyomtazama mwanamke wa miwani, na mimi sikuwa na mashine sikioni ya kumtolea.

Ikabidi niseme yote, meza, stika, vitundu, mpaka nilivyomgombeza mtu ambaye masikio yake nimeyashika mimi.

"Zote sita? Hukubakiza hata moja?"

"Hata moja."

Kicheko kilianzia tumboni, akaweka mkono mdomoni kuficha pengo. "Tangu utoto," akasema, "wewe ukipewa yai unalivunja kwanza uone kama ni zima."

Nikamwambia ashushe mkono. Mshale ulipanda taratibu, safari hii haukuruka, ukasimama katikati. Nikabonyeza.

Mjukuu ameileta picha. Uso wote unaonekana, mikunjo, pengo, na gomesi kuukuu iliyopauka begani. Dada aliitazama sana, akasema haifai, nani anacheka mbele ya jeneza lake mwenyewe? Anataka nyingine akinenepa. Lakini nilipoinuka kuondoka nayo aliishika.

"Iweke hii," akasema. "Ile nyingine ikichelewa, utaitumia."

Pakiti mpya ya betri iko juu ya kabati, imebandikwa vilevile. Kila nikipita naitazama, halafu naficha mikono yangu.