Fimbo ya Debe na Bunduki za Babu

Mnisamehe mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Niliachia shule darasa la nane, na kalamu huniendea polepole. Lakini wiki jana nilirudi kwa nyanya, upande wa Mutomo, nikakuta ile fimbo bado imechomekwa kwenye paa la jikoni. Nikakasirika upya.

Ilikuwa fimbo ya kupigia debe. Ndengu zikianza kukomaa, nyati walitoka msituni, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kwa kelele. Shida ilikuwa babu na jirani. Zamani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku, wote wawili waliwabebea wageni bunduki. Basi kila asubuhi, uji ukipoa vikombeni, ubishi ulikuwa ule ule: bunduki ya nyati ni ipi, ya tundu la tatu saba tano au ile kubwa, nne tano nane?

Na bega la kupimia teke la bunduki lilikuwa langu. Babu alinisukuma kidogo kwa ile fimbo. "Hii ni tatu saba tano. Umeona? Haimtishi mpigaji. Risasi inaingia ndani kabisa, na ya pili anaipiga upesi."

Jirani alimnyang'anya, akanisukuma mpaka nikakaa chini. "Na hii ni nne tano nane. Inakupiga teke kama punda, lakini nyati naye analala. Hiyo yako, mzee, inamkasirisha tu."

"Wewe uliogopa hata kuibeba!" babu akamrudishia.

Siku moja nyanya alienda kisimani, akatuachia shamba sisi watatu. Saa sita mchana nyati wanne wakaingia. Debe nilikuwa nalo, lakini fimbo ilikuwa begani mwa jirani, amefumba jicho moja. "Yule wa mbele anataka nne tano nane," akasema. Babu akakataa: ukimpiga ubavuni, nyuma ya bega, yake inatosha. Mimi nilikuwa na haya. Kumwambia mzee "nipe fimbo" sikuweza. Nilipiga debe kwa kiganja, likatoa sauti ya mtu anayebisha hodi. Ndengu zikaliwa, zilizobaki zikakanyagwa.

Nyanya alitua mtungi, akatazama shamba. "Bunduki za wageni mlibeba miaka yote. Leo debe limewashinda!"

Msimu ule wote tulikula muthokoi mtupu, mahindi yaliyokobolewa, bila hata punje ya ndengu. Fimbo nyanya aliichomeka kwenye paa.

Sasa babu hayuko. Fensi ya stima imewekwa, nyati hawaji. Leo asubuhi jirani alikuja kunisalimu, akaiomba ile fimbo, akanigusa nayo begani, taratibu sana.

"Tatu saba tano," akasema. "Babu yako alisema kweli. Ilitosha."

Nilitaka kulia kwa hasira. Miaka yote ile, nini kilimshinda kumwambia babu mwenyewe? Lakini nikajisikia nikisema, "Hapana, mzee. Nyati angekasirika tu."

Alicheka, akavuta kigoda. Uji wetu ukapoa.

Kama kwenu kuna mzee aliyezibeba bunduki hizo, muulizeni ni ipi, kisha mniandikie. Nimeachiwa ubishi nisioujua, na jirani amesema kesho atarudi.